Aliyebuni mashine ya kukata majani aliijaribu usiku. Alikuwa anaogopa nini?

#1 Mchunga_Uani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita nimenunua mtumba wa mashine ya kukata majani, ile ya kusukuma kwa mkono isiyo na injini. Mzee mmoja alikuwa anahama akaniachia kwa bei ya kutupa. Visu vitano vimejiviringa kuzunguka mhimili, na chini yake kuna kipande cha chuma kilichotulia. Mtaani kwetu watu wanatumia fyekeo, au wanamwita kijana mwenye ile ya petroli ya kuning'iniza begani. Nikaona nikiisukuma mchana watanicheka. Nikaamka saa kumi na moja alfajiri, giza bado, nikaanza uani. Krrr, krrr, krrr. Mbwa wa mtaa mzima wakaamka. Mlinzi wa nyumba ya pili akamulika tochi juu ya ukuta: "Nani anachimba hapo?"

Basi nikaingia mtandaoni kusoma historia ya hili dude. Mwenye nalo ni Edwin Beard Budding, fundi wa Thrupp, karibu na mji wa Stroud, Gloucestershire, Uingereza. Hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mbunifu ili wengine wasiige kazi yake, ni ya tarehe 31 Agosti 1830. Na inasimuliwa kwamba alikuwa akiijaribu usiku ili majirani wasimwone wakadhani ameingiwa na wazimu.

Nimecheka mwenyewe, maana ni mimi kabisa. Ila hiyo sababu ya wazimu hainiingii. Mtu anatengeneza kitu cha kuuza, halafu anakificha? Mnaojua mje.

#2 Kibonge_wa_Ubungo

Mtu anazunguka usiku kwenye majani na chuma kinacholia? Huku kwetu asingefika asubuhi. Wangemmaliza kabla hajaeleza hataza ni kitu gani.

#3 Binti_Limuru

Kwanza, majani ni ya mti. Hizo mnazokata ni nyasi.

#4 Kibonge_wa_Ubungo

Dada yangu, huku ng'ombe anakula majani. Nyasi tunaezekea nyumba. Endeleeni na uzi.

#5 Fundi_Mkereza

Tuache hayo kidogo. Huwezi kuielewa hii mashine bila kuijua Stroud yenyewe. Ni nchi ya sufu. Bonde lote lilijaa vinu vya nguo vilivyoendeshwa kwa maji, na kitambaa chao chekundu ndicho kilichoshonwa sare za askari wa Kiingereza. Sufu ikishafumwa na kupondwa inabaki na manyoya juu, mafupi mafupi, kama malaika kwenye mkono wa mtoto. Ili kitambaa kiwe laini lazima yanyolewe. Zamani kazi hiyo ilifanywa na mafundi wenye mikasi mikubwa ya mkono, mkasi mmoja uzito wake si wa mchezo. Mwaka 1815 John Lewis wa Brimscombe, pua na mdomo na Thrupp, akachukua hataza ya mashine yenye silinda ya visu inayozunguka juu ya kisu kilichotulia. Kitambaa kinapita katikati, manyoya yanakwenda, kitambaa kinabaki.

Budding alianza kama seremala, baadaye akahamia kwenye chuma na mashine za vinu hivyo. Silinda ile aliijua kama unavyoijua funguo ya mlango wako. Alichofanya ni kuipindua: badala ya kitambaa kupita chini ya visu, visu vikapita juu ya ardhi. Ndiyo maana hata maneno ya hataza yake yanazungumzia kunyoa "uso wa mimea" wa bustani. Ni lugha ya kiwandani ileile.

Sasa umbo lake. Upana wa kukata inchi 19. Fremu ya chuma. Nyuma kuna rola kubwa, ukisukuma inaviringika, inazungusha gia, na gia zinazungusha silinda. Rola ikimaliza mzunguko 1, silinda imeshazunguka 16. Kati ya silinda na rola kubwa kuna rola nyingine unayoipandisha na kuishusha upate kimo cha majani unachotaka. Majani yaliyokatwa yanarushwa mbele yanadondokea kwenye sanduku. Na kwa kuwa lilikuwa zito, lilikuwa na mpini wa pili wa mbele ili mwenzako avute wakati wewe unasukuma.

Kuhusu usiku, jibu langu ni hili: aliogopa wafanyakazi. Mashine za kunyolea nguo zilikuwa zimeshavunjwa kwa nyundo mwaka 1812 na wale mafundi wa mikasi walioona mkate wao unaondoka. Mtu aliyekulia kwenye vinu anajua vizuri nini kinampata mwenye mashine mpya.

#6 Mama_Ukoka

Fundi, asante. Hapo pa malaika ya mtoto nimeelewa moja kwa moja.

#7 Karani_Mstaafu

Fundi_Mkereza, maelezo ya mashine hayana kasoro, ila rekebisha historia. Waliovunja mashine mwaka 1812 walikuwa Yorkshire, kaskazini kabisa, siyo Gloucestershire. Na walichovunja ilikuwa fremu ya kuendesha ile mikasi mikubwa, siyo silinda ya Lewis. Ungesema wafumaji wa Stroud wenyewe walifanya fujo mwaka 1825 wakidai ujira, hapo ungekuwa nyumbani, lakini ugomvi ule ulikuwa wa malipo, si wa mashine za kunyoa.

Kuna kitu kingine kinachofanana na hoja yako, na najua atatokea mtu wa kukileta, kwa hiyo nakileta mwenyewe. Mwisho wa Agosti 1830, siku zilezile hataza inatoka, vibarua wa mashambani huko Kent walianza kuvunja mashine za kupura nafaka. Moto ule ukaenea kusini mwa Uingereza miezi iliyofuata. Inavutia kuviunganisha. Lakini majaribio ya Budding yalikuwa kabla ya hataza. Mkataba wake na John Ferrabee ulitiwa saini tarehe 18 Mei 1830. Hawezi kuogopa Mei kilichotokea Agosti.

Mimi nimefanya kazi ya makaratasi miaka mingi, kwa hiyo naangalia karatasi. Kwa sheria ya hataza ya wakati ule, ukishaonyesha kitu chako hadharani kabla ya kupata muhuri, umejimaliza. Mtu yeyote anaweza kusema "hicho tulishakiona kinatumika," na hataza inaanguka. Na kuipata ilikuwa safari: ombi linapita ofisi hadi ofisi, kila mlango ada yake, jumla inakaribia pauni 100 kwa Uingereza pekee. Fundi wa kawaida hakuwa nazo. Ferrabee, mwenye karakana ya chuma ya Phoenix pale Thrupp, ndiye aliyelipa, naye akapata haki ya kutengeneza, kuuza na kutoa leseni. Sasa wewe mtu amekulipia pauni 100, utaitoa mashine mchana kila mpita njia aione?

#8 Fundi_Mkereza

Karani umenipiga chenga ya Yorkshire, nakubali. Ila hofu haina mpaka. Habari ya 1812 ilifika kila kiwanda.

#9 Kibonge_wa_Ubungo

Hapa Karani amemaliza mchezo.

#10 Mtanga_Ughaibuni

Hajamaliza. Mimi naishi Bristol, huko Stroud nimeshafika mara mbili, na moja ya hizo mashine za Budding ipo kwenye jumba lao la makumbusho. Ukiiona unashangaa ilivyo na gia nyingi za chuma cha kumimina, wazi, hazina kifuniko cha maana. Mchunga_Uani amesema ya kwake iliamsha mbwa, na hiyo ni ya kisasa. Ya Budding ingeamsha waliokufa. Mwaka 1859 Thomas Green wa Leeds alipotoa mashine ya kuendeshwa kwa mnyororo aliipa jina la Kilatini, Silens Messor, yaani mvunaji mkimya. Mtu hauzi ukimya kama wateja hawajachoka na kelele. Siri gani hiyo ya usiku ambayo kijiji kizima kinaisikia?

Na jambo la pili, usiku wenu siyo usiku wa huku. Mwezi wa sita saa tatu na nusu usiku bado unaona vizuri tu, hata saa nne mbingu haijawa nyeusi. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nachelewa kula daku kwa kudanganywa na mwanga, nikidhani ni jioni bado. Fundi anatoka kazini jioni, anakula, anakwenda kujaribu kitu chake. Saa yake ya mapumziko ndiyo hiyo. Baadaye wasimulizi wanasema "usiku" na wewe huku Dar unaona giza la saa mbili.

#11 Binti_Limuru

Kwa hivyo mtu alikuwa tu na kazi ya mchana. Hiyo ndiyo sababu rahisi kuliko zote na hakuna anayeipenda.

#12 Mama_Ukoka

Mimi naona wanaume mnabishana bila kumuuliza anayekata.

Nimekulia nyumba ya kukata majani kwa mkono. Baba alikuwa na mundu wa mpini mrefu, wa kuzungusha kwa kiuno. Alitoka alfajiri, umande ukiwa bado. Saa tatu asubuhi anarudi anaketi, kamaliza. Siyo kwa sababu ya jua peke yake. Jani lenye umande ni zito, limesimama, likiguswa na makali linakatika. Jua likishalikausha linalala, mundu unapita juu yake kama kuchana nywele. Wakata majani wa hao mabwana wa Uingereza walifuata saa hiyohiyo, na nyuma yao walikuja wenye mifagio kukusanya.

Mashine hii ni kinyume. Inataka majani makavu. Yakilowa yanagandamana kwenye visu, rola inateleza badala ya kuviringika, unasukuma sanamu. Hiyo ndiyo ilikuwa faida yake kubwa: bwana anaweza kukata mchana, majani yamekauka, bila kumngoja kibarua wa alfajiri. Sasa nielezeni. Kama Budding aliijaribu usiku, aliijaribu kwenye umande, yaani mahali pabaya kuliko pote. Kwa hiyo ama hadithi ni ya uongo, ama alikuwa fundi hodari aliyetaka kuona itakwama wapi.

#13 Mchunga_Uani

Mama_Ukoka, umenieleza kwa nini alfajiri ile iliganda kila baada ya hatua nne. Nilidhani imeharibika.

#14 Mama_Ukoka

Haijaharibika mwanangu. Ngoja saa nne asubuhi, ivumilie aibu.

#15 Simba_Mweusi

Mnashangaza. Mnamsifu Mzungu wakati mashine ya kukata majani ilibuniwa na mtu mweusi, John Albert Burr wa Marekani. Historia yetu inafichwa na sisi wenyewe tunasaidia kuificha.

#16 Karani_Mstaafu

Burr ni wa kweli na heshima yake ni ya kweli. Hataza yake ni namba 624,749, ya tarehe 9 Mei 1899. Budding alikuwa ameshakufa miaka 53. Burr aliboresha: alipanga magurudumu na visu ili ziwezekane kukatwa nyasi zilizo karibu na ukuta na kingo, na mashine isizibwe na vilivyokatwa. Umwite mboreshaji, utakuwa umesema kweli. Ukimwita wa kwanza, atakuja mtu na tarehe na kumvunjia heshima bila kosa lake.

#17 Simba_Mweusi

Sawa mkuu. Ila mnaomjua Burr ni wangapi humu kabla sijamtaja?

#18 Kibonge_wa_Ubungo

Mimi sikumjua. Pointi yako nimeibeba.

#19 Fundi_Mkereza

Nyongeza kwa mafundi wenzangu. Huyu Budding hakuishia kwenye majani. Alitengeneza bastola ya mitutu mingi, na anatajwa pia kwenye spana ya kurekebisha kwa parafujo. Yaani ndugu zangu, spana malaya hii tunayotembea nayo mfukoni.

#20 Binti_Limuru

Spana NINI?

#21 Fundi_Mkereza

Ndilo jina lake gereji, dada. Kwa sababu inakubali nati yoyote. Mimi sikulitunga.

#22 Spana_Kumi_na_Nne

Hapo Fundi umeparamia. Spana ya kurekebisha watu wengi wanampa Richard Clyburn, naye ni mtu wa Gloucestershire hukohuko, mwaka 1842. Wengine wanampa Budding. Halafu hii tuliyonayo sisi mfukoni, yenye taya la pembeni na kiskrubu cha kuzungusha kwa dole gumba, ni ya Msweden, Johan Petter Johansson, miaka ya 1890. Kwa hiyo malaya huyo ana baba watatu.

#23 Kibonge_wa_Ubungo

Jina limejieleza lenyewe.

#24 Binti_Limuru

Nimefunga simu. Nimeifungua tena. Endeleeni.

#25 Mtanga_Ughaibuni

Turudi. Kuna sentensi moja kwenye hataza naipenda kuliko zote. Budding anasema mabwana wa mashambani wakitumia mashine yake wenyewe wataona ni mazoezi ya kufurahisha, yenye manufaa na afya. Soma tena taratibu. Mwaka 1830, mtu anamwambia bwana mwenye shamba na watumishi kwamba avue koti asukume chuma, eti ni afya.

#26 Kibonge_wa_Ubungo

Watu wa gym walianzia hapo.

#27 Mzee_wa_Uwanja

Nimesoma uzi wote, sasa niseme la kwangu. Nimetunza uwanja wa gofu miaka 19, siutaji. Kwangu swali la usiku ni dogo. Kubwa ni nani aliinunua, na kwa nini ikapata soko.

Kabla ya mashine, bustani ya majani mafupi ilikuwa alama ya utajiri kwa sababu ya hesabu ya watu. Aidha una kondoo, wanaokula bila mpango na kuacha mizigo yao, aidha una kundi la vibarua wa mundu. Miongoni mwa wateja wa kwanza wa Budding ilikuwa bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, mwaka 1831. Msimamizi wa pale, Bwana Curtis, alisema inafanya kazi ya watu sita hadi wanane wenye miundu na mifagio. Hapo ndipo biashara ilipo. Mwaka 1832 kampuni ya Ransomes ya Ipswich, watu wa majembe ya plau, wakachukua leseni kutengeneza.

Halafu zikaja kubwa. Alexander Shanks wa Arbroath, Scotland, mwanzoni mwa miaka ya 1840 alitengeneza ya inchi 27 ya kuvutwa na farasi mdogo. Karani atanisahihisha, lakini hataza ya Uingereza haikuwa inafika Scotland mpaka uichukue kivyake, kwa hiyo Waskoti walikuwa na nafasi ya kujitanua. Farasi walivalishwa viatu vya ngozi ili kwato zisitoboe uwanja. Hiyo siyo utani, viatu kabisa, vinafungwa kwa mikanda.

#28 Bin_Lamu

Nikimvalisha punda wangu viatu vya ngozi, mji mzima utasema mimi nimeoa tena.

#29 Spana_Kumi_na_Nne

Mzee, nilisikia hapo ndipo Waingereza walipopata ule usemi wao kwamba anayetembea kwa miguu amepanda farasi wa Shanks. Kwa sababu ya huyo Shanks wa mashine.

#30 Karani_Mstaafu

Wanapenda kusimulia hivyo, lakini usemi ni wa zamani zaidi, ulikuwepo Scotland tangu karne ya 18. Neno lenyewe kwa lugha yao ni muundi wa mguu. Farasi wa muundi, yaani miguu yako. Jina la fundi lilisadifu tu. Na kuhusu hataza Mzee yuko sawa: Uingereza, Scotland na Ireland zilikuwa milango mitatu, kila mmoja na ada yake, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1852.

#31 Mchunga_Uani

Mzee_wa_Uwanja, je, michezo? Tenisi na kriketi za kwao zisingechezwa bila mashine hii, au?

#32 Mzee_wa_Uwanja

Kriketi ilikuwepo kabla, ikichezwa kwenye majani ya kondoo. Tenisi ya kwenye majani ndiyo mtoto wa mashine. Na mpira wa raba unaodunda, huo usisahaulike, maana bila raba iliyopikwa na salfa mpira usingeruka kutoka kwenye majani hata yakatwe vipi. Mashindano ya kwanza ya Wimbledon, 1877, yaliandaliwa kupata hela ya kutengeneza rola ya kuvutwa na farasi iliyokuwa imeharibika. Mashindano makubwa kuliko yote ya tenisi duniani yalianza kama mchango wa kutengeneza rola. Sisi pale kazini tukiomba hela ya rola tunaambiwa tusubiri bajeti.

#33 Fundi_Mkereza

Ndiyo kusema: kwanza nguo, kisha majani, kisha michezo.

#34 Mama_Ukoka

Au kwanza mvua. Mnasahau mvua. Nchi yenye mvua nyepesi mwaka mzima, majani yanaota bila kumwagiliwa, lazima ukate kila wiki kiangazi chote. Huyo Budding angezaliwa Dodoma asingebuni chochote cha majani.

#35 Kibonge_wa_Ubungo

Angebuni mashine ya kusaga zabibu.

#36 Mtanga_Ughaibuni

Mama ana hoja, lakini Ireland nako kunanyesha na Ufaransa kaskazini kunanyesha. Mbona isiwe huko? Mimi narudi kwa karakana za chuma. Gia za kumimina zenye kulingana, kwa bei ya kuuzika, hazikuwa kila mahali. Pale Thrupp mtu anatoka nyumbani kwa miguu anafika kwa mmimina chuma.

#37 Karani_Mstaafu

Na tusisahau magazeti ya bustani. John Claudius Loudon alikuwa na jarida lake la wakulima wa bustani, mashine ikaandikwa humo mapema. Kitu kikiandikwa kinanunuliwa na watu wasiojuana. Na watu wenye nyumba za kiasi zenye kipande cha majani mbele walikuwa wanaongezeka pembezoni mwa miji. Hao hawakuwa na vibarua wanane wa kuwabadilisha, walikuwa na mikono yao na Jumamosi.

#38 Spana_Kumi_na_Nne

Swali la kijinga: kwa nini hizi za silinda hazipo tena mtaani? Zote naona ni kisu kimoja kinazunguka chini kama feni.

#39 Mzee_wa_Uwanja

Siyo la kijinga. Ya feni haikati, inapiga. Inazunguka kwa kasi mpaka jani linapasuka. Ndiyo maana ukikata na feni yenye kisu butu, kesho yake ncha zinageuka rangi ya udongo, uwanja unaonekana kama umeungua. Silinda inakata kama mkasi, kati ya makali mawili, ncha inabaki safi. Lakini silinda haitaki mawe, vijiti wala jani refu. Feni haina shida na hayo. Inakula hadi ndala. Ilipoanza kutengenezwa kwa bei nafuu, watu wa kawaida wakaiacha silinda. Australia mwaka 1952 Mervyn Victor Richardson alianza kuunda za feni gereji kwake Sydney, tangi la petroli la ile ya kwanza lilikuwa kopo la matunda ya pichi. Akaita Victa. Sisi wa gofu na tenisi tumebaki na silinda kwa sababu hatuna njia nyingine ya kushuka hadi milimita chache.

Kabla ya hapo zilipita za mvuke pia, James Sumner wa Leyland mwaka 1893. Dude zito, unangoja lichemke kwanza ndiyo ukate. Ransomes wakaja na ya petroli 1902, na mvuke ukafa pole pole.

#40 Binti_Limuru

Shuleni kwetu injini ilikuwa mwanafunzi aliyechelewa na slasha.

#41 Kibonge_wa_Ubungo

Kwetu fyekeo unakuja nalo kutoka nyumbani, jina limeandikwa kwenye mpini. Ukilipoteza unakatwa wewe.

#42 Simba_Mweusi

Mimi nataka kujua huyo Budding alitajirika?

#43 Karani_Mstaafu

Haki za kutengeneza na kuuza zilikuwa kwa Ferrabee. Budding alihamia Dursley, mji jirani, akafanya kazi huko na George Lister kwenye mambo ya mashine za nguo. Alifariki 1846 akiwa na miaka 50. Hataza za wakati ule ziliishi miaka 14, kwa hiyo yake ilikuwa imeshakwisha, na kila mwenye karakana alikuwa huru.

#44 Simba_Mweusi

Fundi siku zote.

#45 Fundi_Mkereza

Usiniguse hapo.

#46 Mtanga_Ughaibuni

Sasa tupige kura: wazimu, wavunja mashine, hataza, kazi ya mchana, au umande?

#47 Mama_Ukoka

Umande ni hoja ya kupinga, siyo sababu. Soma vizuri.

#48 Kibonge_wa_Ubungo

Hataza.

#49 Binti_Limuru

Kazi ya mchana.

#50 Fundi_Mkereza

Wavunja mashine, na Yorkshire mniachie.

#51 Bin_Lamu

Mke wake alikuwa amechoka na chuma ndani ya nyumba, akamwambia kitoe nje sasa hivi. Ilikuwa usiku. Nimemaliza.

#52 Mchunga_Uani

Wakuu, asanteni, sikutegemea. Nimefuata ushauri wa Mama, leo nimekata saa nne asubuhi, majani yamekauka. Waliocheka ni watoto wawili tu na mmoja akaomba kusukuma. Ila kuna tatizo. Upande wa kulia inakata safi, upande wa kushoto inaacha mstari, kama mtu aliyenyolewa nusu.

#53 Mzee_wa_Uwanja

Chukua kipande cha gazeti, upana wa vidole viwili. Geuza mashine miguu juu. Ingiza gazeti kati ya kisu cha silinda na kile cha chini, zungusha silinda kwa mkono, taratibu, vidole viwe mbali. Anza kulia, njoo katikati, malizia kushoto. Niambie linafanyaje.

#54 Mchunga_Uani

Kulia linakatika kama kwa wembe. Katikati linakatika. Kushoto linajikunja linaingia ndani zima.

#55 Mzee_wa_Uwanja

Kisu cha chini kimeachana na silinda upande huo. Kuna skrubu kila pembe. Kaza ya kushoto robo mzunguko, siyo zaidi, ujaribu gazeti tena. Ukikaza mno vitasagana na utasikia harufu ya chuma.

#56 Mchunga_Uani

Skrubu imeota kutu. Spana namba haiingii.

#57 Fundi_Mkereza

Chukua malaya.

#58 Binti_Limuru

Mimi naondoka kwa huu uzi.

#59 Mchunga_Uani

Imelegea. Robo mzunguko. Gazeti linakatika hadi mwisho sasa, isipokuwa kisu kimoja kati ya vitano, hicho bado kinalikunja. Ni saa mbili na nusu usiku, niko uani na taa ya simu mdomoni, na yule mlinzi amenimulika tena.

#60 Kibonge_wa_Ubungo

Mwambie ni mambo ya hataza.